Jiwe la milimita 34 litapitaje kwenye tundu dogo la mgongoni?

Swali

Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu, nipo Mafinga. Mama yangu ana miaka 61, anaishi Tukuyu. Kwa miaka miwili amekuwa akitibiwa UTI isiyokwisha, hadi mwezi uliopita alipopigwa ultrasaundi na baadaye CT pale Mbeya mjini, akakutwa na jiwe la milimita 34 kwenye figo ya kulia. Figo ya kushoto ni nzima. Ana presha na anameza aspirini ndogo kila siku. Tumeambiwa atatolewa jiwe kwa tundu dogo la mgongoni, kwa rufaa ya nje ya mkoa. Ndugu wamegawanyika. Baba mdogo, aliyepasuliwa ubavu miaka ya themanini, anasema jiwe kubwa hivyo haliwezi kupita kwenye tundu. Shangazi ana dawa ya mizizi iliyomtoa jirani yake jiwe. Mwingine anasema figo yenyewe iondolewe yaishe. Mama siku hizi haumwi popote, anataka asubiri mavuno. Anauliza pia kama atapewa jiwe lake alione. Tushike lipi?

Jibu

Marahaba, mwalimu, na mama umfikishie salamu zangu. Nianze na baba mdogo, maana hoja yake ina ukweli. Jiwe la milimita 34 haliwezi kupita kwenye tundu la milimita 10, na hakuna daktari atakayejaribu kulipitisha zima. Linavunjwa humohumo ndani ya figo, vipande vinatolewa kimoja kimoja. Tundu ni mlango wa kuingizia vifaa. Watu wengi hawaelezwi hilo. Wanasikia "tundu dogo" wakaondoka na picha ya jambo lisilowezekana, au ya jambo jepesi kama kung'oa jino, na picha zote mbili zinawaumiza.

Kwa maelezo uliyonipa, njia mliyoshauriwa ndiyo inayomfaa mama, na asiiahirishe hadi mwakani. Ila nikuambie kitu nilichokiona kwa miaka ninayotibu wagonjwa wa nyanda hizi zetu: wengi wanaopata shida hawaipatii pale mezani. Wanaipata kabla, kwa sababu mkojo haukuoteshwa maabara kutafuta bakteria, au baada, kwa sababu mpira wa kupitisha mkojo uliobakizwa ndani umesahaulika. Nitakaa zaidi kwenye hayo mawili.

Kwanza hili la mama kutoumwa. Jiwe lililotulia ndani ya figo mara nyingi haliumi. Kinachouma ni mkojo kuzibiwa njia. Jiwe la milimita 6 likiteleza na kuingia kwenye mrija unaoshuka kibofuni, mtu mzima anagaagaa sakafuni, anatapika, hapati pa kulala wala pa kukaa. La mama ni kubwa mno kuingia humo. Limekaa kwenye chumba ambamo figo inakusanyia mkojo, linakua taratibu, na ukimya wake hauna maana kwamba halifanyi kitu.

Hata hiyo UTI ya miaka miwili nina shaka nayo. Wapo bakteria, Proteus wakiwa maarufu zaidi, ambao hugeuza urea iliyo kwenye mkojo kuwa amonia. Mkojo ukishapoteza ukali wake wa asidi, madini yanaanza kuganda kuwazunguka bakteria haohao. Jiwe la namna hiyo huota matawi kufuata vyumba vya figo mpaka kwenye picha linaonekana kama pembe za mnyama. Bakteria wanakaa ndani ya jiwe, dawa isikowafikia. Mgonjwa anamaliza dozi, anapata nafuu wiki mbili tatu, kisha mkojo unaanza kuchoma upya. Huenda jiwe la mama ni la aina hiyo, huenda ni la aina nyingine lililovamiwa na maambukizi. Maabara ndiyo itakayosema likishatoka. Kwa vyovyote, jiwe kubwa lenye maambukizi likiachwa huila figo kidogo kidogo, na siku moja laweza kumwaga bakteria kwenye damu.

Kwa hiyo mavuno: kama hana homa na vipimo vinaonyesha figo inafanya kazi, wiki nne au tano za kumaliza shamba hazina ubaya, kwa sharti kwamba ndizo wiki za kukamilisha vipimo. Asiseme mwakani. Na katika kusubiri huko, kuna dalili moja ambayo kila aliye nyumbani aijue, mpaka mjukuu: homa ya kutetemeka ikija pamoja na maumivu ya ubavu, aondoke usiku huohuo kwenda hospitali. Asingoje kupambazuke. Hiyo inaweza kuwa figo iliyoziba na kujaa usaha. Hapo jiwe haliguswi kwanza. Figo inawekewa mrija ili mkojo mchafu utoke, jiwe linafuata wiki kadhaa baadaye. Mtu anayechelewa na hali hiyo siku mbili anaweza kufa.

Jambo jingine kabla sijalisahau: mwambie asinunue diklofenaki duka la dawa kila ubavu ukimkera. Kwa mama mwenye presha na figo iliyobeba jiwe, dawa hiyo inaipunguzia figo damu. Parasetamo inamtosha kwa sasa. Ikimshinda, amwone daktari.

Sasa shangazi. Sitaki umgombeze, kwa sababu alichokiona huenda alikiona kweli. Mawe ya milimita 5 kushuka chini, karibu theluthi mbili hutoka yenyewe kwa njia ya mkojo. Ya kati ya milimita 5 na 10, karibu nusu hutoka. Mtu mwenye jiwe la milimita 4 akinywa mizizi, au soda, au maji ya ndimu, au maji matupu, jiwe likatoka wiki ya pili, sifa inakwenda kwa alichokunywa. Kuna aina moja ya jiwe, la asidi ya uriki, linaloweza kuyeyushwa kwa dawa za hospitali zinazopunguza ukali wa mkojo, tena kwa miezi na kwa kupimwa. Mengi yaliyobaki, hasa yale ya kalsiamu ambayo ndiyo yanayoongoza kwa wingi, hayayeyuki kwa kitu chochote cha kunywa. Milimita 34 ni kama jozi ya vidole vya mkono wako ukivibana pamoja. Hata ikipatikana dawa ya kulisukuma, halina pa kupita.

Na huyo anayesema figo iondolewe, mwulizeni swali moja: figo hiyo inafanya kazi? Figo huondolewa pale inapokuwa imekufa au imebaki na uwezo mdogo sana, huku ikiendelea kuleta maambukizi au maumivu. Mama ana miaka 61 na presha juu. Presha ni adui wa figo, na miaka ijayo atazihitaji zote mbili. Kama CT inaonyesha nyama ya figo ya kulia bado ni nene na dawa ya picha inapita, figo hiyo iokolewe.

Mtasikia pia habari za mashine inayopasua mawe kwa mawimbi ukiwa umelala tu kitandani, bila kukatwa popote. Ipo, ilianza kutumika kwa wagonjwa kule Ujerumani mwaka 1980, na kwa jiwe la sentimita moja au moja na nusu ni njia nzuri. Kwa jiwe la mama haifai. Wewe unaijua barabara ya Iringa kwenda Morogoro. Lori moja likifa kwenye kona za Kitonga, yaliyo nyuma yanajipanga mpaka bondeni. Jiwe kubwa likipasuliwa kwa mawimbi, vipande vyote vinategemea kushuka kwenye mrija mmoja mwembamba. Kimoja kikikwama, vingine vinajipanga nyuma yake, figo inaziba. Njia ya kupitisha kamera laini kutoka chini, kupitia kibofu, na kulichoma jiwe kwa leza inafanya kazi vizuri hadi sentimita mbili hivi. Zaidi ya hapo mgonjwa anarudi mezani mara mbili, mara tatu. Ndiyo maana kwa mawe yanayozidi sentimita mbili madaktari wa mkojo duniani kote huanza kufikiria tundu la mgongoni. Kwenye karatasi ya rufaa ya mama pengine pameandikwa herufi PCNL, ndiyo hiyo.

Njia hii si mpya. Fernström na Johansson wa Sweden waliieleza mwaka 1976. Baba mdogo alipasuliwa ubavu kwa sababu wakati ule hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida huku kwetu, na kovu lake ni la upasuaji halali uliookoa watu wengi. Tofauti ni kwamba ubavu uliofunguliwa kwa sentimita 15 au 20 hukatwa ngozi na misuli, na maumivu yake hukaa wiki nyingi.

Nikueleze siku yenyewe inavyokwenda, ili umweleze mama kwa maneno yako.

Anapewa nusu kaputi, au hospitali nyingine ganzi ya mgongoni. Akishatulia, daktari anapitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo mpaka kibofuni, na kutoka hapo anapandisha mrija mwembamba hadi kwenye figo ya kulia. Kisha mama anageuzwa kifudifudi, mito chini ya kifua na nyonga. Wapo madaktari wanaomlaza chali na kumwinua ubavu kidogo. Zote ni njia sahihi. Kupitia ule mrija inaingizwa dawa inayoonekana kwenye eksirei, na figo inajichora kwenye skrini: chumba kikuu katikati, na vikombe vyake vimesimama pembeni kama maua ya mti.

Daktari anachagua kikombe kimoja, mara nyingi cha chini na cha upande wa nyuma, kwa sababu kupitia huko hukwepa mishipa mikubwa ya damu. Anaingiza sindano ndefu kutoka mgongoni, chini ya mbavu. Hapo chumba kizima hunyamaza. Anachomoa kiini cha sindano, na tunangoja. Likitokeza tone la mkojo kwenye kichwa cha sindano, tumefika ndani. Nimeliona tone hilo mara nyingi mno, na bado kila mara huwa nashusha pumzi. Sindano ikiingia mahali pake, kazi iliyobaki ina njia. Ikikosea, kila kitu kinachofuata kinakuwa kigumu.

Kupitia sindano unapita waya laini, na juu ya waya vinapita virija vya kupanua, kila kinachofuata kikiwa kinene kuliko cha kabla yake, mpaka linakaa bomba la milimita 8 hadi 10. Siku hizi yapo na mabomba madogo zaidi, ya milimita 5 hadi 7. Kamera inaingia ndani ya bomba. Jiwe unaliona kwenye skrini limejaa mbele yako kama kichuguu, njano iliyokolea au kahawia, lina chembechembe usoni. Ncha ya chuma inaligusa na kuanza kugonga kwa nguvu ya hewa, ta-ta-ta-ta, sauti kama ya cherehani inayoshona turubai. Hospitali nyingine hutumia leza, nyingine mawimbi ya sauti yanayovunja na kufyonza kwa pamoja. Vipande vinanaswa kwa koleo ndefu au vinatoka na maji.

Maji hayo ya dripu hupita muda wote ili daktari aone, na ni mengi, lita kwa lita, ndiyo maana timu nzima inavaa buti za mvua. Lazima yawe yamepashwa joto la mwili. Hii si starehe. Mgonjwa aliyelala bila nguo, kwenye baridi ya Julai ya Mbeya, akipitishiwa maji baridi figoni kwa saa mbili, joto la mwili linashuka, na damu ya mtu aliyepoa haigandi vizuri.

Kazi yote huchukua saa moja hadi tatu. Jeraha la mgongoni huwa la sentimita moja hivi, na figo yenyewe inapoteza sehemu ndogo sana ya uwezo wake.

Sitakuficha hatari zake. Kati ya 2007 na 2009 zilikusanywa taarifa za wagonjwa zaidi ya 5,800 waliofanyiwa njia hii kwenye vituo 96 vya nchi mbalimbali. Karibu 76 katika kila 100 walibaki bila mawe. Waliopata homa walizidi kidogo 10 kwa mia, waliohitaji kuongezewa damu walikuwa karibu 6, na karibu 2 walipata maji kwenye kifua, kwa kuwa sehemu ya juu ya figo na mfuko wa pafu ni majirani. Utumbo kuguswa ni nadra, ila hutokea. Soma hiyo 76 vizuri: kwa watu wengine 24, vipande vilibaki na baadhi yao walihitaji kurudi. Mama akiambiwa arudi mara ya pili kumalizia, hasa jiwe likiwa lina matawi, haina maana kwamba daktari ameshindwa. Mara nyingine daktari mwenye busara huacha kipande kwa makusudi kwa sababu damu imeanza kuwa nyingi na haoni vizuri, akakirudia siku ya pili au ya tatu kwa njia ileile.

Ni tundu dogo kwenye kiungo kinachopita damu nyingi. Mpelekeni kama mnampeleka kwenye upasuaji kamili.

Sasa kuhusu mkojo. Kabla ya siku ya upasuaji, mkojo wa mama lazima uoteshwe maabara. Simaanishi kile kijiti kinachobadilika rangi, wala kuangalia usaha kwa darubini peke yake. Namaanisha kuotesha, kusubiri bakteria wamee, kisha kujaribu dawa zipi zinawaua. Majibu huchukua siku 2 hadi 5. Kwa mtu aliyemeza antibayotiki kwa miaka miwili, bakteria waliobaki ni wale waliozizoea, na dawa ya kubahatisha haitawagusa. Ukilivunja jiwe lenye bakteria hai huku maji yanasukumwa ndani ya figo, unawasukumia kwenye damu. Nimewahi kukesha na mgonjwa aliyetoka mezani akiwa mzima, saa nne baadaye anatetemeka kitanda kizima kinalia, presha imeshuka. Alikuja kwetu na cheti cha mkojo kilichosema "safi", cha wiki saba nyuma. Alipona, lakini mimi tangu hapo cheti cha zamani sikipokei tena.

Kwa hiyo mama asimeze antibayotiki ya kujinunulia siku chache kabla ya kutoa mkojo. Asibebe mkojo kwenye chupa kutoka Tukuyu. Ni kilomita zipatazo 70 hadi Mbeya, na mkojo ukikaa kwenye joto la daladala unaotesha vitu visivyokuwamo mwilini. Autoe hospitalini, baada ya kunawa, aache wa mwanzo umwagike, akinge wa katikati kwenye kopo safi la maabara. Bakteria wakionekana, atapewa dawa inayowaua kwa siku kadhaa kabla ya kuingia thieta. Na mwombe daktari achukue mkojo wa ndani ya figo na kipande cha jiwe siku ya upasuaji navyo vioteshwe, kwa kuwa mkojo wa kibofuni unaweza kuwa safi huku jiwe lenyewe ni chafu.

Aspirini asiiache kwa ushauri wa mtu wa nyumbani, wala wangu mimi nisiyemwona. Madaktari wengi huomba isimamishwe kama siku 7 kabla, ili damu igande vizuri. Lakini inategemea kwa nini aliandikiwa. Kama aliwahi kupata kiharusi au tatizo la moyo, mpasuaji na daktari wake wa presha wazungumze kwanza. Dawa za presha aendelee nazo. Na mizizi ya shangazi, kama ameshaanza kuinywa, aitaje bila aibu; siwezi kukuambia inafanya nini kwenye damu yake, na mpasuaji hataweza kujua asipoambiwa.

Ndugu wawili watatu wenye afya wajiandae kuchangia damu. Watakaokwenda naye wawe na CT yenyewe kwenye diski, wasiridhike na karatasi ya majibu. Mpasuaji anapanga njia ya sindano kwa kuangalia picha, mahali mbavu zilipo na utumbo ulipo. Karatasi inayosema "jiwe milimita 34, figo ya kulia" haimwonyeshi pa kupita, na nimeona familia ikilipia CT ya pili kwa sababu diski ilibaki kabatini nyumbani.

Kuhusu mahali, anzeni kwa kuuliza Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ambayo ndiyo itakayowaandikia rufaa. KCMC kule Moshi imefundisha madaktari wa mfumo wa mkojo kwa miaka mingi. Muhimbili na Benjamin Mkapa ya Dodoma nazo ni hospitali kubwa zinazopokea rufaa za figo. Kabla hamjakata tiketi, pigeni simu. Ulizeni kama daktari anayefanya PCNL yupo, mashine ya eksirei ya thieta na ya kuvunja mawe zinafanya kazi, amefanya wagonjwa wangapi, damu na chumba cha uangalizi maalumu vipo, na bima ya mama inagharamia kiasi gani. Hayo ni maswali ya haki, na daktari anayejiamini hatakasirika. Mkiangukia Dodoma, kwa lami ya kupitia Mtera mama anaweza kulala kwako Mafinga akapunguza uchovu.

Akitoka thieta, msishtuke. Mkojo utakuwa mwekundu kama juisi ya rozela siku ya kwanza, halafu unapauka siku hadi siku. Huenda ana mpira wa mkojo chini na mrija mwingine ukitoka mgongoni kwenda kwenye mfuko. Wa mgongoni huondolewa baada ya siku moja au mbili, na tundu linaweza kuvuja mkojo kidogo, likaloanisha kanga, kisha likafunga lenyewe. Wengi hutoka wodini kati ya siku ya 2 na ya 4. Naomba asipande basi siku hiyohiyo kurudi Tukuyu. Tafuteni ndugu karibu na hospitali akae kama wiki nzima. Mshipa mdogo uliojeruhiwa unaweza kuanza kuvuja damu siku nyingi baadaye, hata wiki ya pili, na ukiona mkojo uliokuwa umeshapauka umerudi mwekundu mzito na mabonge, hiyo ni safari ya hospitali mara moja. Asishike jembe, ndoo ya maji wala mkungu wa ndizi kwa takriban wiki nne.

Na sasa mpira wa ndani. Wagonjwa wengi huachiwa mrija laini kutoka kwenye figo hadi kibofuni, uliojikunja ncha zote mbili ili usiteleze. Hauonekani kwa nje. Unasaidia mkojo kupita wakati figo inapona. Mama anaweza kuhisi haja ndogo mara kwa mara, ubavu kuvutwa anapokojoa, na tone la damu akitembea sana. Hayo ni ya kawaida. Mpira huo hutolewa baada ya wiki 2 hadi 6, kwa kamera, dakika chache tu.

Alikuja kwangu mkulima wa mpunga kutoka bonde la Usangu, miaka miwili na zaidi tangu atolewe jiwe katika hospitali moja ya mbali. Alikuja na maumivu na mkojo wa damu. Kwenye eksirei tukauona mpira uleule, ncha ya chini imezungukwa na jiwe jipya la ukubwa wa yai la kuku, na kule juu umegandiwa na madini kama birika la zamani. Nilipomwonyesha picha aliniuliza, "Kumbe kulikuwa na kitu ndani?" Hakuna aliyemwambia, au aliambiwa akiwa bado na usingizi wa nusu kaputi. Alihitaji upasuaji mara mbili kuondoa kitu ambacho kingetoka kwa dakika tano. Sijausahau uso wake.

Kwa hiyo siku ya kuruhusiwa, wewe mwenyewe simama mbele ya daktari uulize: mmeacha mpira ndani? Kama ndiyo, tarehe ya kuutoa ni lini, na unatolewa wapi? Iandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Iandike pia kwenye simu yako na kwenye kalenda ya ukutani ya mama. Kama nauli ya kurudi mbali ni shida, omba barua ili utolewe Mbeya.

Kuhusu yasirudi tena nitasema machache, maana mengi yanategemea maabara. Takriban nusu ya waliowahi kupata mawe hupata mengine ndani ya miaka kumi. Huku kwetu juu tatizo letu ni baridi: pale Tukuyu mvua inanyesha, mtu hahisi kiu, anamaliza siku kwa vikombe viwili vya chai. Mama anywe mpaka mkojo wake wa siku ufike lita 2 hadi 2.5 na uwe na rangi ya kupauka, apunguze chumvi. Maziwa asiyaache, kwa sababu kalsiamu ya chakula hunasa okzaleti, kitu cha kwenye mboga kama mchicha kinachojenga mawe, tumboni kabla haijafika kwenye mkojo. Mchicha wa karanga anaupenda sana? Asubiri majibu ya jiwe; kama ni la okzaleti ndipo aupunguze. Mchanga wa kwenye mchele au dagaa hautengenezi jiwe la figo, hilo aliondoe moyoni kabisa. Na kama ni jiwe la maambukizi, kinga yake ni vipande vyote kutoka na mkojo kuoteshwa tena baadaye.

Na swali lake mwenyewe: ndiyo, atapewa aone, ila litakuwa vipande, vingine kama mchele, vingine kama punje ya mahindi. Amwambie daktari mapema, kabla ya nusu kaputi, kwamba anavitaka. Viwili vitatu viende maabara kupimwa ni jiwe la nini, vilivyobaki atiliwe kwenye kichupa arudi navyo Tukuyu. Baba mdogo naye atataka kuviona.